Mume wangu anakata pumzi akilala, mama mkwe anasema analimishwa usiku

MamaWawili_Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, na wenye utani uwekeni akiba kwanza.

Mume wangu ana miaka 44, dereva wa semi, njia yake Dar mpaka Tunduma, safari nyingine anavuka hadi Lusaka. Akirudi anakaa siku mbili tatu hapa nyumbani Morogoro, na hizo siku mbili tatu ndizo mimi silali. Kukoroma nilishazoea, ananikoromea tangu tumeoana. Kinachonitisha ni pale anaponyamaza. Anakoroma weee, halafu kimya. Kifua na tumbo vinahangaika kama mtu anayesukuma gari lililokwama, lakini hewa haiingii. Naanza kuhesabu. Juzi nilifika 30 ndipo akashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akageuka, akaendelea. Baada ya dakika mbili, tena. Asubuhi nikimuuliza anasema, "Mbona nimelala vizuri tu?"

Vizuri gani, wakati anaamka kichwa kinamuuma na mdomo umekauka. Usiku huohuo anaenda chooni mara nne. Tulipima sukari, iko sawa. Tukapima tezi dume, iko sawa. Presha ndiyo imegoma, yuko kwenye dawa ya tatu na bado inasoma 160 kwa 100. Mchana akikaa kwenye kochi tu ameshaondoka. Mwezi uliopita alisinzia kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, na yeye ndiye mweka hazina. Zamu ya kusoma michango ikafika, watu wanamtikisa.

Sasa mama mkwe kaja kutoka Kilosa, kakaa wiki moja, kamsikia. Kasema wazi kwamba mwanawe analimishwa. Kuna watu wanamchukua usiku wanampeleka kwenye mashamba yao, ndiyo maana anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kaleta na dawa ya kufukiza chumbani. Mimi sitaki kumvunjia heshima, ni mama yangu na ananipenda. Lakini huyu mtu anaendesha gari la tani 30.

Nikimwambia twende hospitali anasema tajiri akisikia dereva anasinzia, gari atapewa mwingine kesho yake. Je, huu ni ugonjwa? Unapimwaje? Na ni kweli atapoteza kazi?

Kijana_wa_Msamvu

Dada hamia chumba cha watoto. Kesi imefungwa.

MamaWawili_Kihonda

Nilisema utani uwekeni akiba.

Mzee_Ngano

Binti, hicho ni kimeo kimerefuka kinaziba koo. Zamani tulikuwa tunakata tu. Mjomba wangu alikatwa na mzee mmoja pale kijijini, akaacha kukoroma. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Scania_Mstaafu

Shemeji, nimesoma habari yako nikaona kama umeandika habari yangu ukabadilisha jina. Ngoja nikuambie yaliyonipata, halafu wataalamu watanisahihisha.

Nimeshika usukani miaka 26, na njia hiyo ya mumeo naijua hata kwa harufu. Kwa miaka kama minne ya mwisho nilikuwa naendesha nikiwa nusu mtu. Nilidhani ni uzee. Nikaongeza kahawa, vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha, pilipili mdomoni, maji ya baridi usoni, dirisha wazi usiku wa baridi. Vijana wenzangu walikuwa na dawa zao nyingine ambazo sitaziandika hapa. Yote hayo yanakusogeza kilomita 40, halafu kope zinarudi chini kama shata la duka.

Utingo wangu alikuwa kijana mpole sana. Nikaona kila tukilala kwenye foleni ya Tunduma anatoka kwenye kabini anakwenda kufunga kitanda cha kamba chini ya trela, na baridi ya Tunduma unaijua. Nikadhani anakimbia soksi zangu. Kumbe kijana wa watu anakimbia kifo. Anasema usiku wa kwanza alidhani nimekufa, akaniwekea kioo puani. Usiku wa pili akanipiga teke. Usiku wa tatu akakata tamaa, akahama. Kwa miezi saba hakuniambia, mimi ni bosi wake na nina umri wa baba yake. Angeanzaje?

Siku ya kuniambia ilikuja yenyewe. Tulikuwa tunatoka Dar, tumeshapita Doma, tumeingia kwenye ile barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi. Saa nane mchana, jua kali, gari limeshiba. Sikumbuki kusinzia. Huo ndio ubaya wake, hukumbuki. Nilichokumbuka ni kusikia majani yanakwaruza bodi, nikafungua macho nikaona mkono wa utingo uko kwenye usukani na tuko upande wa kulia wa barabara. Hakukuwa na gari linalokuja. Sina maelezo mengine, hakukuwa na gari tu. Ukienda spidi 80 ukapotea sekunde tatu, umeshatembea zaidi ya mita 60 bila dereva.

Tuliegesha. Kijana akatetemeka, halafu akatoa simu akanionyesha video. Alikuwa amenirekodi wiki mbili kabla. Nilijiona nimelala chali, mdomo wazi, nakoroma, halafu kimya. Tumbo linapanda, kifua kinashuka, hewa hakuna. Saa ya video inahesabu: 10, 20, 30. Ilifika 41. Shemeji, nilikaa pale kando ya barabara najitazama nikijinyonga bila kamba. Kama angenieleza kwa mdomo ningembishia. Video huwezi kuibishia.

Ndiyo maana jambo la kwanza nakuambia: mumeo hadanganyi anaposema amelala vizuri. Hajui. Ubongo unamwamsha kwa sekunde chache tu avute hewa, kisha anarudi usingizini kabla hajajua kwamba aliamka. Shahidi ni wewe. Mrekodi leo, dakika kumi, kifua kionekane na sauti isikike. Usimwonyeshe usiku mkiwa mmechoka mkagombana, mwonyeshe asubuhi akishakunywa chai.

Mimi nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo Dar. Akanifungua mdomo, akapima shingo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 43. Nikamwambia daktari mimi sina kitambi, huu ugonjwa si wa wanene? Akasema unene ni sababu kubwa lakini si pekee. Wengine ni shingo nene, wengine kidevu kidogo kilichorudi nyuma kama changu, wengine pua imeziba au ulimi ni mkubwa. Ukilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajikunja kama mpira wa kunyonyea petroli uliochoka. Unavuta, unajibana zaidi.

Akaniuliza maswali manane: ninasinzia kiasi gani nikisoma, nikitazama televisheni, nikiwa abiria kwenye gari, nikikaa nimetulia baada ya kula, na kadhalika. Kila swali sifuri mpaka tatu, jumla yake 24. Ukizidi 10 wanaanza kukutilia shaka. Nilipata 19, na hapo nilikuwa nimepunguza kidogo kwa aibu.

Kipimo chenyewe nilipewa niende nacho nyumbani. Mkanda kifuani, kimpira chembamba puani, kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Unalala nacho, asubuhi unarudisha. Yangu ilisoma pumzi kukatika au kupungua sana mara 52 kwa saa, oksijeni ikashuka mpaka asilimia 71. Piga hesabu ya saa sita: zaidi ya mara 300 kwa usiku mmoja. Ndipo nikaelewa kwa nini wazee wetu wakasema analimishwa. Ukimwona mtu anaamka amechoka vile, utasema alikuwa shambani. Mama mkwe wako ameona dalili sawasawa, amekosea jina la mwenye shamba. Mwambie hivyo, hatakasirika.

Kuhusu kazi sikudanganyi. Nilimwambia tajiri mwenyewe, uso kwa uso, na video nikampa. Akanung'unika. Akanitoa barabarani nikakaa yadi wiki sita nasimamia upakiaji, posho ya safari hakuna, nyumbani tukala maharage. Leseni haikuguswa. Mashine ya kunisaidia kupumua usiku, niliyoanza kuivaa, ina chipu inayoandika kila usiku umeivaa kwa saa ngapi, nikampelekea karatasi ya daktari, akanirudishia gari. Tajiri wa mumeo simjui, huenda akawa mgumu. Lakini semi na mzigo wake ni mamilioni mangapi? Anza naye hapo.

Mashine nitaeleza kesho, macho yamechoka. Macho tu, siku hizi silali kwenye kiti.

Sista_wa_Zamu

Ni muuguzi, naongeza machache.

Mzee Ngano, shikamoo, lakini hapana. Kimeo kisikatwe kijijini. Tumepokea watu waliovuja damu mpaka wakahitaji kuongezewa, na wengine wamepata maambukizi mabaya. Na koo linaziba sehemu nyingi, nyuma ya ulimi hasa, kimeo ni kipande tu. Upasuaji upo, lakini unaamuliwa na daktari bingwa baada ya kipimo.

Dada, ulivyoeleza ndivyo tunavyofundishwa kuhusu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: kukoroma, kushuhudiwa akikata pumzi, uchovu wa mchana, presha isiyokubali dawa, kukojoa usiku, kichwa asubuhi. Hata huko kwenda chooni kunatokana na moyo: pumzi ikibanwa moyo unavutwa, unatoa homoni inayoiambia figo imwage maji. Tezi dume imesingiziwa.

Ili mkisoma majibu muelewe: pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi inahesabiwa. Chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 15 ni kiasi kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, kuanzia 30 ni kali. Ikiachwa inachosha moyo, na hatari ya kiharusi inapanda.

Wakati mnasubiri kipimo: alale ubavu, si chali. Asinywe pombe jioni, na asimeze dawa za usingizi wala zile za mafua zinazolaza, zinalegeza koo zaidi. Dawa za presha asiache. Na usukani, dada, hapo sina lugha laini. Asiende safari hii.

Mama_Aisha

Samahani kudandia uzi. Binti yangu wa miaka 5 naye anakoroma, analala mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, na alikuwa ameacha kukojoa kitandani sasa ameanza tena. Shuleni wanasema hatulii. Mtoto naye anaweza?

Sista_wa_Zamu

Anaweza, mama, na kwa watoto mara nyingi ni tonsesi zimekua pamoja na vile vinyama vya nyuma ya pua. Mtoto hasinzii kama mtu mzima, anakuwa mtundu na kusahau darasani. Usimchape kwa kukojoa. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wakiona zinaziba wataondoa, na wengi wanapona.

Scania_Mstaafu

Nimerudi. Mashine.

Inaitwa sipapu, kwenye boksi wameandika CPAP. Watu wanadhani ni oksijeni. Siyo. Ni feni ndogo inayosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia bomba na barakoa, ile hewa inashika koo lisijikunje. Fundi aliyeniwekea alisema aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, akatangaza matokeo mwaka 1981, na ya kwanza aliiunda kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Nikamwambia huyo ni mwenzetu, fundi wa gereji.

Bei inauma. Mpya nilitajiwa bei ya kukaribia pikipiki. Jamaa akaniletea ya mtumba kutoka Ulaya kwa chini ya nusu. Nilipomwonyesha fundi akaikataa. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa iliita mamilioni ya mashine zake duniani kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaoza na vipande vinaweza kuingia kwenye hewa unayovuta. Nyingine bado zinazunguka mitumbani. Kwa hiyo usinunue kabla namba yake haijaangaliwa na mtu anayejua.

Usiku wa kwanza niliing'oa saa tano. Nilijiona kama mtu anayechomoa kichwa dirishani kwenye basi linalokimbia. Usiku wa pili nikaing'oa bila kujua, asubuhi nikaikuta chini ya kitanda inapuliza peke yake. Mke wangu ndiye aliyenitengeneza. Akaniambia ivae ukitazama taarifa ya habari, bila kulala, nusu saa kila siku. Wajukuu wakaniita tembo. Nikabadilisha barakoa, ya kwanza ilikuwa inavuja kwenye ndevu, nikachukua ya puani tu. Ndevu zenyewe nikanyoa.

Usiku wa tisa nililala saa tatu usiku nikaamka adhana ya alfajiri. Sikuwa nimeenda chooni hata mara moja. Na niliota. Shemeji, nilikuwa nimesahau kwamba watu huota. Niliota marehemu kaka yangu ananidai jeki.

Mambo ya barabarani sasa, haya daktari hatawaambia. Mashine inakwenda kwa betri ya gari ukiwa na kibadilishi chake, usiunge nyaya mwenyewe. Kile kitanki cha maji cha kulainisha hewa ndicho kinachokula umeme, ukiwa safarini kizime. Ukikiacha kwenye baridi ya Makambako, mvuke unageuka maji ndani ya bomba, saa nane usiku unapigwa kikombe cha maji usoni. Mke wangu alinishonea bomba koti la kitenge, likakoma. Vumbi la foleni linaziba kichujio, beba vya akiba. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, maji ya kitanki yamwagwe kila asubuhi.

Halafu kuna askari mmoja kwenye kizuizi alifungua kabini akaona bomba, chombo na maji. Akaniuliza, "Mzee, hii gongo unapikia wapi?" Nikaivaa pale pale nikaiwasha. Akacheka, kisha akaniuliza taratibu, kwa sauti ya chini, inauzwa wapi. Kumbe naye.

Kijana_wa_Msamvu

Mkuu, maji ya kitanki mtu si anaweka tu maji ya betri? Yapo kila gereji.

Scania_Mstaafu

Usithubutu. Gereji nyingine ukisema maji ya betri unapewa yenye asidi, na hii kitu unaivuta kwenye mapafu. Tafuta maji yaliyotoneshwa ya dukani yenye lebo. Ukikosa kabisa, chemsha, poza, tumia usiku huo tu, au zima kitanki. Na wewe mbona unauliza, si ulifunga kesi?

Kijana_wa_Msamvu

Mshua anakoroma hatari. Nimemrekodi jana.

MamaWawili_Kihonda

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, nilisema nitaleta mrejesho.

Nilimrekodi dakika 12. Asubuhi nikamwekea chai na mihogo, nikamwachia simu mezani, nikaenda kufua. Niliporudi alikuwa ameirudia tena na tena, chai imepoa. Hakusema kitu. Akaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Nikadhani anataka kuifuta kwangu, kumbe alimpigia tajiri akiwa uani. Tajiri alifoka, nilimsikia mpaka ndani, kisha wakaongea muda mrefu. Gari amepewa dereva mwingine kwa sasa, mume wangu amewekwa yadi kama Mzee wetu hapa. Mshahara umepungua, sitaficha, na amekuwa na hasira ndogondogo.

Kipimo alilala nacho hapa nyumbani. Mama mkwe ndiye aliyemfunga mkanda kifuani kwa mkono wake. Akauliza kama hicho kidude cha kidoleni kinaona wanaokuja kumchukua. Mume wangu akamjibu, "Kinawahesabu, mama." Mama akaridhika. Majibu yakatoka: 38 kwa saa. Mama akasema, 38? Basi ni kijiji kizima.

Dawa ya kufukiza bado anafukiza, ila nimemwomba afanyie sebuleni, moshi usimzibe pua.

Daktari amesema apunguze mwili pia, kilo 104 ni nyingi kwa urefu wake, na akipungua huenda mikatiko ikapungua. Mashine tunainunua kwa pesa ya kikundi chetu, zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao, nilikuwa nimepangia friji. Mzee, swali moja: hicho kibadilishi cha kwenye gari, mashine nyingine wameandika 12 na betri za semi si ni 24? Tusije tukaiunguza kabla hata hatujaizoea.

Scania_Mstaafu

Umeuliza vizuri. Semi ni 24, gari dogo ni 12. Geuza boksi la mashine usome inataka volti ngapi, na kibadilishi kiwe cha mashine hiyohiyo, kimeandikwa kwamba kinapokea 12 na 24 vyote. Kama muuzaji hajui, usilipe, ondoka. Na mwambie mumeo wiki ya kwanza ataichukia. Nipe namba yake kwa ujumbe wa pembeni nimpigie jioni, kabla hajaitupa chini ya kitanda.